Nani Aliiba Kengele ya Lipowo

Kalina alikuwa amecheza mchezo ule tangu siku za chuo, lakini hakuwahi kuuongoza. Mwongozaji siku zote alikuwa mjomba wake, Leszek, kaka wa mama yake. Mchezo wenyewe ni wa mazungumzo. Watu hukaa mezani, kila mmoja akajivika mtu wa kubuni na kusema mtu wake anafanya nini, na mwongozaji huwaeleza wanachokiona na kinachowapata. Panapokuwa na shaka, hurushwa dadu.

Mjomba Leszek aliuongoza kwa vitabu vinene vya kanuni. Ndani yake mlikuwa na majedwali ya kila kitu, hata uzito ambao kamba iliyolowa inaweza kubeba kabla ya kukatika. Hilo lilimfaa. Maisha yake yote alikuwa mkaguzi wa hasara katika kampuni ya bima mjini Toruń, nchini Poland. Nyumba ikiungua, ghala likifurika, paa likipeperushwa, yeye ndiye aliyepelekwa kutazama na kusema imekuwaje. Majira ya kuchipua mwaka ule alistaafu, na ilipofika vuli alitangaza kwamba hataki tena kuongoza.

"Nimechoka kujua kila kitu," alisema. "Sasa na mimi niongozwe."

Kalina akajitolea. Kazi yake ilikuwa duka la dawa, na muda wa kusoma vitabu vya mjomba hakuwa nao. Mwenzake wa kazini alikuwa amempa mchezo mwepesi, ambao kanuni zake zote zilienea kwenye karatasi moja, mbele na nyuma. Aliusoma ndani ya basi akaona ni rahisi kama kuchemsha yai.

Jumapili ya kwanza mvua ilikuwa inanyesha mtaani Rubinkowo tangu asubuhi. Lifti ilikuwa imeharibika, kwa hiyo mjomba alifika mlangoni akihema. Akavua viatu, akavaa sapatu za wageni, akakaa mezani na kutazama huku na huku.

"Kitabu kiko wapi?"

"Ndicho hicho mbele yako."

Aliishika karatasi kwa vidole viwili. "Hii? Hii ni risiti ya sokoni."

"Ndiyo kanuni zote, mjomba."

"Na kile kizuizi cha kadibodi cha kuficha siri za mwongozaji?"

"Huu hauna kizuizi."

"Basi siri unazifichia wapi?"

Kabla Kalina hajamjibu, Bogna na mumewe Witold wakaingia. Bogna alikuwa rafiki yake tangu utotoni, msusi, mwanamke asiyeweza kukaa kimya hata kwenye kiti cha daktari wa meno. Witold alirekebisha mabomba ya kupashia nyumba joto, na kwa kawaida alikaa kwenye kona ya meza karibu na matango ya chumvi.

Kalina akawaeleza. Kila mtu ajivike mhusika kwa sentensi tatu, basi. Wako katika kijiji kiitwacho Lipowo, kando ya mto, zamani za mikokoteni na taa za mafuta. Usiku wa kuamkia sikukuu, kengele ya kanisa imeibwa.

"Mimi ni Pelagia," Bogna alisema papo hapo. "Muoka mikate. Nimezika waume wawili na wa tatu namtazama tu."

"Onufry," Witold alisema. "Mvushaji wa watu mtoni. Sisemi sana."

"Hapo umebuni nini sasa?" Bogna akamuuliza.

Mjomba alikuwa bado amekunja uso. "Nguvu zangu ni ngapi?"

"Hakuna hesabu ya nguvu."

"Akili je?"

"Ile ile uliyokuja nayo, mjomba."

Bogna alicheka hadi vijiti vya biskuti za chumvi vikamwagika mezani. Mjomba hakucheka. Alifikiri, kisha akasema kwa sauti ya kazini, "Mimi ni inspekta Hilary Drozd. Nimefika kwa mkokoteni alfajiri. Naja kuchunguza."

Wakaanza. Drozd alipanda mnara wa kanisa, na mjomba akaegemea mbele. "Kamba ya kengele imekatwa au imefunguliwa?"

Kalina alitazama karatasi. Kanuni ilisema wazi kwamba mwongozaji haruhusiwi kuamua chochote mapema. "Wewe unaonaje?" akauliza.

"Mimi ninaonaje? Mimi ndiye ninayekuuliza!"

"Sema unachodhani, kisha urushe dadu. Ikitoka sita, ndivyo kabisa. Nne au tano, ni kweli lakini kuna jambo hujalijua. Chini ya hapo, sivyo."

"Yaani nikidhani imekatwa, inakuwa imekatwa?"

"Dadu ikikubali."

"Na nikidhani imeliwa na panya?"

"Rusha tu."

Mjomba alirusha kwa ajili ya kamba kukatwa. Ikatoka tano. Kamba ilikuwa imekatwa, Kalina akasema, lakini kwa kisu cha mkate. Wote wakamgeukia Bogna.

"Visu vyangu vyote viko jikoni!" Pelagia alipiga kelele. "Ni padri! Mnamwona padri alivyonona? Ameiuza." Akarusha. Mbili. Si padri.

Witold alimeza tango, akasema huenda ni mtunza kanisa. Nne. Basi mtunza kanisa alihusika, lakini alichofanya ni kufungua mlango tu, na mtu aliyemfungulia hakumwona uso kwa sababu ya giza. Witold akaongeza kwamba usiku ule alivusha kitu kizito kwenye pantoni yake, kimefunikwa kwa turubai, wala hakuuliza ni nini.

"Hukuuliza?" mjomba akamkabili.

"Sisemi sana."

Ilipofika saa ya chai, meza ilikuwa na makombo, nyayo kwenye matope, turubai, kisu cha mkate, na hakuna mwizi. Mjomba alifuta miwani.

"Haya. Tuambie sasa. Tulikuwa karibu?"

"Karibu na nini?"

"Na jibu."

"Jibu halipo, mjomba. Bado halijapatikana."

"Hutaki kutuambia, sawa, naelewa. Lakini kwa kichwa tu, hivi, nitikisie. Ni mhunzi?"

"Sijui."

"Utasemaje hujui? Wewe ndiye mwongozaji. Kama wewe hujui, nani anajua?"

Kalina akaanza kukusanya vikombe. Swali lilikuwa la haki. Usiku ule, akiosha vikombe, alijiuliza mwenyewe: kengele ilibebwa na mtu, mtu huyo ana mikono na miguu, na kila mtu pale mezani alikuwa amekaribia kumwona. Iweje asiwepo?

Katikati ya wiki mjomba alitokea dukani kwake, akapanga foleni kama mteja. Mbele yake alikuwepo bibi mmoja aliyefunga kitambaa kichwani, akisubiri dawa ya kikohozi.

"Nikusaidie nini, mjomba? Kichwa?"

"Kichwa changu kizima. Ni kuhusu yule mtunza kanisa. Anasema hakumwona uso. Lakini mlango wa kanisa unafunguka kwa ndani au kwa nje? Kama ni kwa ndani, mwanga wa taa ya altare ulimpiga mtu usoni."

"Mjomba, kuna watu."

"Wasikie tu. Niliichunguza mioto ya kila aina, sijawahi kukosa chanzo."

Bibi wa kitambaa aligeuka. "Kanisa gani limeibiwa?"

"Lipowo," mjomba akajibu kwa upole wote. "Kengele."

"Mungu wangu! Lipowo ipi, ya kule kwa dada yangu?"

"Si ya kweli, bibi," Kalina akasema haraka. "Ni mchezo."

"Kuiba kengele ya kanisa ni mchezo?" Bibi alijifanyia ishara ya msalaba, akachukua dawa yake na kuondoka akinung'unika. Kijana aliyekuwa nyuma ya mjomba akauliza kama polisi wameshafika. Kalina alitoa dawa vibaya mara mbili asubuhi ile, akazirudisha, akahesabu upya.

Jioni alipita saluni kwa Bogna. "Wewe unadhani ni nani?" akamuuliza.

Bogna alishusha mkasi. "Unaniuliza mimi? Si wewe ndiye unayejua?"

"Sijui, Bogna. Naapa."

"Kalina, acha basi. Ninashindwa kulala vizuri. Kile kisu ni changu kweli?"

Jumapili iliyofuata hawakucheza, kwa sababu kila mtu alikuwa makaburini akisafisha na kupanga mishumaa kwa ajili ya sikukuu ya Watakatifu Wote. Baadaye wakakutana tena. Mjomba alikuja amevaa koti la kazini, akiwa na mchoro mkubwa wa Lipowo alioukunja mara nne. Alikuwa ameweka nyumba, mto, mnara, gati la pantoni, hata mwelekeo wa upepo.

"Leo tunamaliza," alisema.

Akaanza na mhunzi, maana mhunzi angeweza kuyeyusha shaba. Dadu ikatoa moja. Akarudi kwa mtunza kanisa, pengine alidanganya. Tatu. Akamtazama Witold.

"Samahani, kijana. Wewe una chombo, una mto, na una tabia ya kutokuuliza."

"Mimi?" Witold aliumia kweli. Aliweka chini tango lililobaki nusu. "Nimekuvusha bure na mkokoteni wako, mzee wangu, siku ile ya kwanza."

Dadu ikatoa mbili. Si Onufry. Witold akaliokota tango lake bila kusema neno. Mjomba akamgeukia Bogna, naye Bogna akafumba macho na kuinua mikono kama anayengoja risasi. Tatu. Pelagia hana hatia, ila kisu kilikuwa chake, kilichukuliwa jikoni akiwa amelala.

"Basi ni mgeni," mjomba alisema. "Mpita njia."

Kalina alisoma karatasi mara mbili. "Haiwezekani. Imeandikwa hapa: mwenye kosa lazima awe mtu aliyekwisha tajwa mezani."

"Waliotajwa wote wameondolewa!"

"Ndiyo."

"Basi mchezo wako ni mbovu, mwanangu. Sikulaumu. Karatasi moja, ungetegemea nini?"

Nje watoto walisikika wakipiga mpira kwenye gereji. Witold alikuna shingo.

"Yupo mmoja," alisema.

"Nani?"

"Drozd."

"Drozd ni mimi."

"Ndiyo."

Mjomba alicheka kwa pua. "Mimi nilikuja baada ya wizi. Niliitwa."

"Uliitwa na nani?" Bogna akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kukumbuka tu. Wote wakajaribu kukumbuka. Padri hakumwita. Mtunza kanisa alishangaa kumwona. Kalina alirudi kimawazo hadi Jumapili ile ya kwanza, na alichosikia ni mjomba akisema amefika alfajiri kwa mkokoteni, anakuja kuchunguza. Hapakuwa na aliyemwita.

"Halafu mimi nilimvusha siku ile ya kwanza," Witold alisema polepole. "Nilidhani nilibuni tu."

"Rusha," Bogna alinong'ona.

Witold akarusha. Dadu ilibingirika hadi kwenye sahani ya keki ya jibini, ikakaa. Sita.

Mjomba aliinama akaitazama dadu kama aliyekuwa akitazama nyaya zilizoungua.

"Hii ina kasoro," alisema. "Tazama." Akairusha mwenyewe. Mbili. "Mnaona? Sivyo!"

"Ya pili haihesabiki, Bwana Leszek," Witold akasema.

"Kwa nini isihesabike?"

"Kwa sababu ni ya pili."

Wote watatu wakamgeukia Kalina. Karatasi haikusema lolote kuhusu mtu kurusha kwa majaribio. Alimtazama mjomba akashindwa kumsoma. Hakujua kama yule aliyekaa mbele yake, koti limefungwa hadi shingoni, ni mtu anayecheza au mtu anayeumizwa. Akisema ya pili inahesabika, mchezo utakuwa umeharibika. Akisema ya kwanza, je, anamfanyia nini?

"Ya kwanza," alisema.

Mjomba alitikisa kichwa kukubali. Akasimama, akatoka nje hadi kwenye roshani, akaufunga mlango wa kioo nyuma yake.

"Amekasirika?" Bogna akanong'ona.

"Nani?" Witold akauliza. "Yeye au Drozd?"

"Sijui! Kalina, amekasirika nani?"

Waliuona mgongo wa mjomba tu, na mikono imeshika chuma cha roshani. Hakuwa anavuta sigara. Chai ikapoa. Bogna alianza kukata keki vipande ambavyo hakuna aliyeviomba. Witold alisema labda waache, wawashe televisheni, na Kalina alikuwa anakaribia kukubali mlango ulipofunguka.

Mjomba alikaa. Alizungumza taratibu, akiutazama mchoro wake.

"Ni mimi. Nilichukua kisu jikoni kwa Pelagia. Nilijua mlango wa jikoni haufungwi." Akanyoosha mkunjo wa mchoro. "Mjue, nilikuwa naitwa kila siku. Watu walinipigia simu wakilia. Njoo utazame, njoo utuambie imekuwaje. Nilikuwa nafika, wananipa kiti kikavu kama kipo, wananisimulia kila kitu. Hata chakula walichokuwa wakila moto ulipoanza wananisimulia. Mwaka huu simu haijalia. Pasipopotea kitu, mkaguzi anaitwa kufanya nini?"

"Lipowo hakuna simu," Witold alisema.

Bogna alimpiga teke chini ya meza, hadi vikombe vikatikisika.

Mjomba aliduwaa kidogo. "Kweli," alisema. "Barua, basi. Barua hazikuja."

Kalina alijua kwamba sasa ni zamu yake kusema kitu, ndiyo kazi ya mwongozaji. "Na kengele iko wapi, inspekta?"

"Mtoni. Chini ya gati la ng'ambo, kwenye matope. Sikuiuza. Itatolewa tu, ni kuivuta kwa kamba."

"Ikiwa imelowa, kamba..." Witold alianza, kisha akachukua tango.

Bogna alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa kiti. Alipoongea, hakutumia ile sauti ya kuchekesha aliyompa Pelagia siku zote. "Inspekta, wewe nawe. Ungekuja tu kununua mkate."

Mjomba aliinua macho. Alimtazama Bogna, halafu akamgeukia Kalina kama mtu anayeuliza kwenye dirisha la ofisi. "Inaruhusiwa? Kuja kununua mkate, bila kesi yoyote?"

Kalina aliipindua karatasi, mbele, nyuma. "Haijaandikwa kwamba hairuhusiwi."

"Nirushe dadu?"

"Usirushe," Bogna akasema. "Mimi ndiye mwenye mkate."

Wakaitoa kengele mtoni. Drozd alijisalimisha kwa padri, naye padri hakujua amfanyie nini, kwa hiyo akamweka kusaidia kuifunga mahali pake. Yote yalimalizika kabla ya chakula cha jioni. Mjomba aliukunja mchoro, akamshukuru kila mmoja kwa mkono, akavaa viatu, akashuka ngazi akipiga mluzi.

Mluzi ndio uliowachanganya zaidi. Bogna alisimama kwenye korido akiwa na koti mkononi. "Alikuwa anasema habari zake mwenyewe. Nyie hamkusikia? Simu, mioto! Maskini yule."

"Alikuwa anacheza," Witold akasema. "Dadu ilitoa sita, akatafuta sababu. Alitafuta vizuri."

"Mtu hawezi kubuni uso ule."

"Mimi nilibuni Onufry."

"Wewe hukubuni chochote, Witold, wewe ulikaa tu!"

Waliendelea kubishana hadi ngazi za chini, na Kalina alifunga mlango bila kujua yuko upande wa nani. Alijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho alimpigia mjomba simu bila kuwa na shida. Alikumbuka mara aliyomwomba aje kutazama bomba lililokuwa linavuja, na mara nyingine kuhusu gari. Tena hapo akajiuliza kama anajishtaki bure kwa sababu ya hadithi ya kengele isiyokuwepo.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, akampigia.

"Nini kimeharibika?" mjomba akauliza alipopokea.

"Hakuna. Nimepiga tu." Akaigeukia rafu ya dawa. "Mjomba, jana yale maneno, ulikuwa unasema habari zako?"

Upande wa pili redio ilikuwa inasoma habari za hali ya hewa. "Habari zangu zipi?"

"Za simu kutolia."

"Yale ni ya Drozd. Si wewe uliyeihesabu ile ya kwanza?" Sauti yake haikuwa na huzuni wala furaha, ilikuwa sauti yake tu. "Ningekuwa naongoza mimi, ningeihesabu ya pili."

"Basi njoo Jumapili kula. Nitapika supu ya kuku."

"Kuna mchezo?"

"Hakuna. Witold ana kazi."

"Kuna kitu cha kutazama? Lifti?"

"Lifti wameshaitengeneza. Supu tu, mjomba."

Redio ilizimwa. Kisha mjomba akauliza kama ni saa saba au saa nane, na kama alete tambi au zipo. Kalina akasema saa saba, tambi zipo. Baada ya kukata simu alibaki amesimama kati ya rafu za dawa, hajui kama amemfurahisha au amemkosea, hadi mteja alipogonga kaunta na kumuuliza kama yupo.